Miradi 11, wataalamu 4: namna ya kupanga utafiti na bidhaa mpya kiwandani

Swali la msomaji: Kampuni yetu inasaga na kufungasha unga hapa Morogoro. Tunauza sembe, dona na unga wa lishe. Bodi imetuagiza tuandae mpango mkakati wa miaka mitano wa utafiti na bidhaa mpya. Hivi sasa tuna miradi 11 kwenye orodha na wataalamu 4 wa maabara, ambao ndio hao hao wanaosimamia ubora wa kila siku. Kwa miaka mitatu hatujaingiza sokoni bidhaa mpya hata moja. Tutenge asilimia ngapi ya mauzo, na tuchague miradi kwa njia gani?

Jibu:

Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili, nami nitaanza na la pili, kwa sababu asilimia ya mauzo haina maana mpaka ijulikane ni kazi gani inayoweza kufanywa na watu mlio nao. Fanya hesabu hii kabla hujaandika ukurasa wowote wa mpango. Mtaalamu mmoja ana siku za kazi zipatazo 230 kwa mwaka, ukiondoa likizo, sikukuu na mwisho wa juma. Wanne wana siku 920. Lakini hao ndio wanaopima unyevu wa mahindi yanapopokelewa, wanaokagua uzito wa mifuko na wanaoitwa mteja anapolalamika kwamba unga una wadudu. Chukulia kwamba kazi hizo zinameza theluthi mbili ya muda wao, makadirio ambayo nadhani hayako mbali na hali halisi ya kiwanda cha ukubwa wenu. Zinabaki siku kama 300. Zigawe kwa miradi 11 na kila mradi unapata siku 27 kwa mwaka mzima, tena siku zilizokatwakatwa, leo saa moja, keshokutwa asubuhi moja. Hakuna bidhaa ya chakula inayoweza kubuniwa, kupimwa, kusajiliwa na kufikishwa dukani kwa muda wa namna hiyo. Ninaamini miaka mitatu bila bidhaa mpya imetokana na urefu wa orodha yenu, na sioni sababu ya kuwalaumu watu wa maabara.

Kwa hiyo mpango mkakati wa utafiti, kwa jinsi ninavyouelewa na ninavyowashauri wenye viwanda, ni kwanza uamuzi wa yale ambayo kampuni haitayafanya, na ya pili ni makubaliano ya mapema juu ya lini na kwa ushahidi gani kila mradi utasimamishwa. Mambo mengine yote, yaani bajeti, ratiba, majedwali na michoro, yanafuata nyuma ya hayo mawili. Nyaraka nyingi zinazoitwa mikakati huanza na dira na kumalizika na orodha ya matamanio, na ndani yake hutaona sentensi hata moja inayosema kitu kimeachwa. Mshika mbili moja humponyoka. Ninyi mmeshika kumi na moja.

Orodha za aina hiyo hurefuka kwa sababu zinazoeleweka. Mkurugenzi anarudi kutoka maonesho ya Nane Nane akiwa ameona unga wa viazi lishe na kutaka maabara iujaribu. Afisa mauzo anasikia kwa muuzaji wa jumla kwamba mshindani ana mfuko wa nusu kilo. Mfadhili anakuja na fedha za zao fulani. Kila wazo lina mtu mwenye cheo nyuma yake, na mtaalamu wa maabara hana mamlaka ya kusema hapana, kwa hiyo anasema ndiyo na kuliweka chini ya mengine. Wazo haliuawi wala halilelewi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ya kupunguza orodha ni ya bodi na mkurugenzi mkuu, na wasimwachie mkuu wa maabara aifanye kimyakimya.

Anza kwa kuitenganisha orodha hiyo, kwa kuwa bila shaka mmechanganya kazi za asili tofauti. Zipo kazi za kurekebisha bidhaa iliyopo, kama kubadili kifungashio au kupunguza chengachenga kwenye sembe. Hizi jibu lake linajulikana, zinahitaji wiki tu, na afadhali zihamie kwa meneja wa uzalishaji. Zipo kazi za kutimiza sheria, kama kuongeza virutubishi kwenye unga wa mahindi unaosagwa kiwandani, ambazo si za kuchagua na hazipaswi kushindanishwa na bidhaa mpya katika bajeti moja. Zikishatoka hizo, ndipo mtabaki na bidhaa mpya zinazotumia ujuzi mlio nao, pamoja na utafiti halisi, yaani maswali ambayo hakuna mtu kiwandani anayejua jibu lake. Ningeshangaa kama katika 11 zingebaki zaidi ya sita.

Kuchagua kati ya hizo sita kunadai bodi iseme kampuni inataka kuwa nani baada ya miaka mitano, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo mipango mingi inapokuwa na maneno mazuri yasiyomzuia mtu yeyote kufanya lolote. Mfano ninaoupenda ni wa Fujifilm ya Japani. Karibu mwaka 2000 mauzo ya filamu za picha duniani yalifika kileleni, kisha yakaanza kuporomoka kwa kasi kwa sababu ya kamera za kidijitali. Shigetaka Komori, aliyeiongoza kampuni hiyo wakati huo, aliagiza wahandisi waorodheshe teknolojia zote ambazo kampuni ilikuwa nazo, kisha wazilinganishe na masoko yanayokua. Utengenezaji wa filamu ulikuwa umewafundisha kutandaza tabaka jembamba sana la kemikali kwa usawa kamili, kushughulika na kolajeni, protini ya ngozi na mifupa ambayo ndiyo asili ya jelatini ya filamu, na kuzuia picha isififie kwa kuathiriwa na oksijeni. Ujuzi wa tabaka ulielekezwa kwenye utando unaotumika ndani ya skrini bapa za televisheni na kompyuta. Ujuzi wa kolajeni na wa kuzuia madhara ya oksijeni ulizaa vipodozi vya ngozi vya Astalift, vilivyoanza kuuzwa Japani mwaka 2007. Mpango wao wa mwaka 2004, ulioitwa VISION 75, ulikwenda sambamba na kupunguza kwa uchungu viwanda na wafanyakazi wa upande wa filamu.

Kodak, mshindani wao wa Marekani, haikukosa wavumbuzi. Mhandisi wake Steve Sasson alitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975, miaka mingi kabla ya soko kuitaka. Januari 2012 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi na sitaki kuzirahisisha, lakini ni wazi kwamba maabara yenye uvumbuzi haiwezi kuiokoa kampuni ambayo uongozi wake haujaamua uvumbuzi huo ni wa nini.

Zoezi la Fujifilm mnaweza kulifanya Morogoro kwa siku mbili. Msiulize mnauza nini. Ulizeni mnajua kufanya nini ambacho kiwanda cha jirani kingehitaji miaka kujifunza. Pengine mnajua kununua mahindi makavu wakati wa msimu na kuyahifadhi bila sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Pengine mna mtandao wa maduka ya mitaani, yale ya Mangi, ambayo hulipa kwa wakati. Pengine mashine zenu zinaweza kusaga kwa ulaini ambao akina mama wanaoandaa uji wa watoto wanautambua. Bidhaa mpya inayokalia juu ya ujuzi wa aina hiyo ina nafasi nzuri, na ile inayodai mjifunze malighafi mpya, mashine mpya na mteja mpya kwa wakati mmoja ingepaswa kuahirishwa, hata kama wazo lenyewe linavutia.

Baada ya kuchagua, kila mradi uwekewe vituo vya uamuzi. Robert Cooper, profesa wa Kanada, ndiye aliyeueneza utaratibu huu miaka ya 1980 baada ya kuchunguza kwa muda mrefu kwa nini bidhaa mpya hufaulu au hufeli. Kazi inagawanywa katika hatua, na kati ya hatua na hatua kuna mlango ambapo watu wenye mamlaka ya fedha hukaa na kuamua kama mradi uendelee, urudi nyuma au ufe. Makampuni mengi yameupokea utaratibu huo na kuugeuza kuwa fomu za kujazwa, mradi ukipita kila mlango kwa sababu hakuna anayetaka kuwaudhi wenzake. Dawa ninayoishauri ni kuandika, kabla mradi haujaanza, swali moja linaloweza kuuangusha, na kulijibu hilo kwanza kwa gharama ndogo kadiri inavyowezekana.

Niuchukue mradi ambao nadhani mnao, wa unga wa lishe ulioongezwa karanga na soya, nikuonyeshe ninachokusudia. Desturi ya maabara ni kuanza na jambo linalowafurahisha, yaani kuchanganya na kuonja. Mimi ningeanza na bei. Chukua bei za jumla za karanga na soya za msimu wa mavuno na za miezi ya uhaba, ukianzia na soko kama Kibaigwa, kisha tafuta gharama ya kilo moja iliyofungashwa na uilinganishe na bei ambayo mama wa kipato cha kawaida hulipa kwa unga wa lishe uliopo dukani leo. Kazi hiyo ni ya siku mbili. Ikiwa gharama peke yake inapita bei ya duka, mradi umekufa bila kutumia hata gramu moja ya karanga.

Ukipita hapo, swali la pili ni sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu jumla ya aflatoksini, ambayo ni aina ya sumukuvu, isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 isiyozidi 5, na katika chakula cha mtoto mnapaswa kulenga chini zaidi ya hapo. Ugumu wa karanga ni kwamba sumu haijatawanyika sawasawa: punje chache zilizosinyaa au zenye ukungu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, kwa hiyo kiganja kimoja cha sampuli kinaweza kuonyesha usalama ambao haupo. Mtahitaji kuchukua sampuli kubwa kutoka sehemu nyingi za shehena, kuisaga yote pamoja na kisha kupima, na mtahitaji meza ya kuchambulia punje kwa mkono kabla ya kukaanga. Je, muuzaji wenu wa karanga anaweza kuleta shehena inayofaulu mara kwa mara? Hilo ndilo swali la mlango wa pili, na linajibiwa kwa vipimo vya shehena kadhaa ndani ya msimu mmoja.

La tatu ni muda wa bidhaa kudumu. Soya lazima ipate joto la kutosha ili kuondoa vizuizi vya usagaji wa protini tumboni pamoja na ile harufu ya umaharage. Mafuta ya karanga nayo, yakishasagwa na kukutana na hewa, huanza kuharibika na kuupa unga harufu kali na uchungu. Mkitaka kuandika miezi sita kwenye mfuko, inabidi mjue kama inafika miezi sita katika joto la duka la bati la Kilosa, wala si katika chumba chenye kiyoyozi. Kuna njia ya kuharakisha: kwa makadirio ya kawaida, kuongeza nyuzi joto 10 huongeza kasi ya kuharibika karibu mara mbili, hivyo miezi mitatu kwenye nyuzi 40 hukaribia miezi sita kwenye nyuzi 30. Ni makadirio tu, na sampuli za joto la kawaida lazima ziendelee kukaa pembeni hadi mwisho. Zingatia kwamba kipimo hiki hakiharakishwi na bodi wala na fedha. Mtu akikuletea ratiba inayoonyesha bidhaa hii dukani baada ya miezi minne, ujue hakuhesabu kipimo hiki wala usajili wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambako usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Mlango wa mwisho kabla ya uzalishaji mkubwa ni jaribio la soko, na naomba mlichukulie kama utafiti kamili. M-Pesa inatufundisha hapa. Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walianza majaribio Kenya mwaka 2005 wakikusudia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Wakati wa majaribio ilionekana kwamba watu wanautumia mfumo huo kutumiana fedha wao kwa wao na kwa mambo mengine ambayo hayakuwa kwenye mpango. Waliosimamia kazi hiyo hawakuwalazimisha wateja warudi kwenye wazo la awali. Walirahisisha huduma, na Machi 2007 Safaricom iliizindua kwa kaulimbiu ya kutuma pesa nyumbani. Kwenu, mifuko mia mbili katika maduka machache ya Mwembesongo na Kihonda, huku mtu wenu akirudi kila wiki kuuliza nani amenunua mara ya pili na ameupikaje, itawaambia mengi kuliko dodoso la kurasa kumi. Mteja wa mara ya kwanza anaweza kuwa amevutwa na upya wa kitu. Anayerudi ndiye ushahidi.

Si kila ujuzi lazima uzaliwe ndani ya kuta zenu. Mko mji mmoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye wataalamu wa sayansi ya chakula na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti. TIRDO, shirika la utafiti na maendeleo ya viwanda, ipo Dar es Salaam kwa vipimo na ushauri wa viwanda, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi mkoani. Maswali marefu, kama namna ya kukausha viazi lishe bila kupoteza rangi na vitamini A yake kwa mwanga na hewa, yanafaa sana kupelekwa huko, kwa makubaliano ya maandishi kuhusu nani atamiliki matokeo na lini yanaweza kuchapishwa. Pia mnaweza kuazima teknolojia iliyokwisha kukomaa. A to Z ya Arusha ilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset mwaka 2003 kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani iliyotolewa bila malipo ya leseni, vyandarua ambavyo dawa yake imo ndani ya uzi wenyewe. Kampuni ya Kitanzania haikuhitaji kuvumbua upya kemia hiyo. Ilihitaji kujua kuizalisha kwa wingi na kwa ubora, na huo nao ni ujuzi mzito.

Kuhusu siri na haki: jina na nembo ya bidhaa visajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, mapema, kabla ya jaribio la soko. Mchanganyiko wa unga ni vigumu kuulinda kwa hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, na mara nyingi unalindwa vizuri zaidi kwa kufungiwa kabatini.

Sasa asilimia. Nestlé, iliyo kubwa kuliko makampuni mengi ya chakula duniani, hutumia chini ya asilimia 2 ya mauzo yake kwa utafiti na uendelezaji, ilhali makampuni makubwa ya dawa mara nyingi hupita asilimia 15. Tofauti hiyo inatokana na asili ya biashara, kwa hiyo kuiga tarakimu ya sekta nyingine ni kujidanganya. Kwa kiwanda chenu ningependekeza bajeti ijengwe kutoka chini: siku za kazi za miradi iliyochaguliwa, vipimo vya maabara za nje, malighafi za majaribio, jaribio la soko na ada za usajili. Mkimaliza mkajikuta kwenye asilimia moja au moja na nusu, ni sawa. Mkijikuta kwenye asilimia tano, rudini kwenye orodha. Muhimu kuliko tarakimu ni kwamba fedha zitolewe mlango kwa mlango, na kwamba mtu mmoja kati ya wale wanne aondolewe kabisa kwenye zamu za ubora. Siku 230 kamili za mtu mmoja zina thamani kubwa kuliko siku 300 zilizochanika.

Naelewa kwamba kumtoa mtu huyo kutapingwa, kwa sababu ubora wa kila siku hauwezi kusubiri na utafiti daima unaonekana unaweza. Ajirini fundi sanifu wa maabara achukue zamu zake. Kama bodi haiko tayari kwa mshahara mmoja wa ngazi hiyo, basi haijawa tayari kwa mpango wa miaka mitano, na ni vyema iambiwe hivyo kwa heshima kabla ya kuandikwa lolote.

Miaka mitano yenyewe iandikeni kwa uzito usio sawa: mwaka wa kwanza kwa wiki na majina ya wahusika, wa pili kwa robo mwaka, na mitatu inayobaki kwa kurasa mbili za mwelekeo zinazopitiwa upya kila Novemba, mkishajua msimu ulikuwaje. Kabla ya kikao kijacho cha bodi, kila mradi kati ya ile 11 uandikiwe nusu ukurasa: nani aliuomba, mteja ni nani, swali gani linaweza kuuangusha, litajibiwa lini na kwa siku ngapi za kazi. Mradi usiopata mtu wa kuandika nusu ukurasa huo uondolewe. Kikao kisiidhinishe zaidi ya miradi mitatu, na mkurugenzi mkuu mwenyewe awaandikie waliopendekeza ile mingine, awaeleze imesimamishwa kwa sababu gani na ni jambo gani likibadilika itafikiriwa tena.